Paa la Mjenzi

3 Machi

Dada, shikamoo.

Habari utakuwa umeshaipata redioni huko ng'ambo ya mpaka, lakini acha na mimi niseme: Mjenzi amekufa, ikulu imebaki wazi. Tulikuwa tunafunga nondo za ghorofa la benki, redio ikaacha matangazo ya sabuni, ikaanza nyimbo za kuomboleza. Domo, yule fundi wa mashine ya zege niliyekwambia mdomo wake haujapumzika tangu azaliwe, akazima mashine na akakosa la kusema. Wanaume wazima walikaa juu ya rundo la mchanga wakalia, na hakuna aliyewashikia bunduki. Mimi pia yalinitoka. Usiichane barua, fika mwisho kwanza.

Mchana mji ukachafuka. Kinyozi wa pale kona hakufunga duka. Vijana wa chama walipita na vitambaa vyeusi mikononi, wakamkuta anacheka na mteja. Walimpiga kwa kiti chake mwenyewe, kile cha chuma kinachozunguka. Mteja alikimbia na shuka shingoni, amenyolewa upande mmoja. Nilipofika, kinyozi alikuwa amelala juu ya nywele za watu na jicho lake limetoka. Alikufa tukiwa bado tunatafuta gari. Jioni wale wa upande wa pili, wenye vitambaa vyekundu, nao wakajibu. Walimkamata mwalimu mstaafu aliyebeba picha ya Mjenzi, wakamtafunisha picha pamoja na kioo chake.

Mwanao yuko kwangu, mzima. Anatoka asubuhi na vifaa vyake vya umeme na kurudi na hasira. Watu wa mtaani wameacha kabisa kumwita jina lake, ni Fyuzi tu, na kweli anaungua upesi. Namchunga.

Nimempa barua dereva wa lori kama kawaida. Simu siku hizi zina masikio.

Mdogo wako,
Fundi


11 Machi

Marahaba, mdogo wangu mwenye machozi ya karibu.

Barua sikuichana. Niliisoma katikati ya mashuka ya wodi ya wajawazito, hapa chumba cha kufulia, na nilipofika kwenye neno "amekufa" nilipiga kigelegele mpaka msimamizi akaja mbio akidhani nimeungua na mvuke. Nikamwambia nimepata habari njema kutoka nyumbani. Akanipa mkono.

Kinyozi namwonea huruma. Mwalimu pia. Lakini usitegemee nimlilie Mjenzi. Wewe ulimwona shemeji yako alivyorudi. Alikuwa mpiga chapa, mtu wa wino na karatasi, hata kuku alikuwa anaogopa kumchinja. Zile karatasi za kumtukana Mjenzi hakuzipiga yeye. Alizipiga mwenzake wa zamu, na mume wangu alimjua, na hakumtaja. Wakamvunja vidole kwa kuvibana kwenye mashine yake mwenyewe, kimoja baada ya kingine, kisha mbavu, kisha wakanitupia mlangoni akiwa ndani ya gunia. Nilifungua gunia mbele ya mtoto.

Mjenzi nimemchukia, sawa. Lakini yule mwenzake nimemchukia zaidi. Mjenzi alikuwa anafanya ushetani wake hadharani. Yule alikuwa nyumbani kwake anakula na wanawe, anajua kuna mtu anapigwa kwa niaba yake, na akakaa kimya. Hakuna siku ninayokunywa chai kabla sijamlaani.

Sasa nasikia wanamjengea Mjenzi kaburi kubwa kama kasri. Hapo mjini mafundi wa zege wa kuaminika si wengi. Niambie si wewe. Ukiweka hata tofali moja pale, usiniite dada.

Dada yako


19 Machi

Dada, shikamoo.

Kuhusu kaburi ondoa shaka. Nimepewa kazi ya tangi la maji nyuma ya hospitali kubwa. Tangi tu, la kawaida, halina hata jina juu yake.

Lakini kwa kuwa umeanza wewe, na mimi niseme langu. Baba alipokufa nilikuwa nalala chini ya meza za soko, na wewe ndiye uliyekuwa unaniletea makombo. Nani alinitoa pale? Lori la shule ya ufundi, shule aliyoijenga Mjenzi. Siku tunamaliza alikuja mwenyewe, akagonga slabu niliyomwaga kwa fimbo yake, akasikiliza, akasema, "Huyu hadanganyi." Nimeishi kwa maneno hayo, dada. Sijawahi kupunja saruji hata kwenye choo cha mtu. Na Fyuzi alipougua kifua, wewe mwenyewe ulimbeba hadi hospitali iliyojengwa na nani? Ulilipa nini?

Mkono ulionipa mwiko ndio huo huo uliovunja vidole vya shemeji. Nikitaka kuutukana nakumbuka mwiko, nikitaka kuusifu naviona vidole. Nimechoka kupima.

Jana wamechoma moto kituo cha mabasi watu wakiwa ndani. Vitambaa vyekundu wanasema ni vyeusi, vyeusi wanasema ni vyekundu. Sisi wengine tulibeba maji.

Mdogo wako,
Fundi


24 Machi

Mama, shikamoo.

Sipendi kuchongea, lakini mjomba amekudanganya. Hakuna tangi. Bosi wangu alipewa kazi ya taa za kaburi la Mjenzi, akanituma nikapime nyaya, na nani nimkute juu ya jukwaa na kofia ya manjano, anawaelekeza watu mkono huku mkono kule? Aliponiona akajifanya anakohoa. Nyumbani tunakula meza moja na hajagusia, na mimi sijagusia. Tunaongelea mpira.

Sijui nimfanye nini. Amenilea, ananipenda. Lakini rafiki yangu Miwani alipigwa rungu la uso na walinzi wa pale pale, vioo vikaingia ndani ya macho. Nilimshika kichwa njia nzima mpaka hospitali, damu inanitiririka mapajani, na ananiuliza mimi kama taa za barabarani zimewaka. Ilikuwa saa sita mchana.

Baba walimrudisha kwenye gunia. Huyu wanamjengea nguzo. Hilo tu ndilo ninalolifikiria nikiwa juu ya ngazi.

Mwanao,
Fyuzi


30 Machi

Fundi,

Shikamoo yako siipokei.

Tangi la maji. Ulikaa chini, ukashika kalamu, ukaniandikia mimi tangi la maji. Mtoto niliyempa makombo yangu.

Usiniandikie tena. Mwanangu nitamtafutia pa kukaa.


8 Aprili

Dada,

Umeniambia nisikuandikie, naandika. Ukimaliza kusoma choma.

Walikuja na gari la jeshi. Ofisa alikuwa mstaarabu, alinipa kiti, akaniuliza nakaa na nani. Kabla sijajibu akalitaja jina la Fyuzi, lile la kwenye cheti, na duka anakonunulia nyaya. Akasema taifa linanihitaji. Ungekuwa wewe ungesemaje? Nikasema ndiyo. Na nikakudanganya kwa sababu nilikuogopa wewe kuliko ofisa. Huo ndio ukweli.

Sasa sikiliza. Jeneza liko chini, na juu yake kuna paa pana la zege lililokaa juu ya nguzo, ili watu wapite katikati kutoa heshima. Siku ya kulimwaga nilimkumbuka shemeji. Sikuwa nimepanga. Nilisimama kwenye mashine nikamwambia Domo apunguze saruji na aongeze maji. Akanitazama. "Fundi, hili ni zege au supu?" Nikamwambia amwage. Mifuko iliyobaki tuliifukia kwenye msingi wa uzio, hakuna aliyeiba hata konzi. Nondo nilizipanga mbali mbali kama meno ya mtoto anayeng'oa. Juu nimepiga lipu safi na rangi nyeupe, na wahandisi wao wamelipapasa na kulisifia.

Halitamaliza mvua mbili. Usihofu, hakuna atakayeumia. Zege bovu husema mapema, linatoa ufa, linadondosha vumbi, watu wanaliona. Watafunga lango, watapima, na jengo la mwisho la Mjenzi litabomolewa kwa aibu na watu wake mwenyewe. Alisema sidanganyi. Nimemdanganya akiwa amelala chini ya mikono yangu.

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Sijui kama nimemlipia shemeji au nimemwibia yule mzee. Anayejua ni Domo, mimi na sasa wewe. Fyuzi asijue kabisa. Unamjua alivyo.

Mdogo wako, ukikubali,
Fundi


16 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba zako zote nilizokunyima nakurudishia.

Nilikaa sakafuni nikaisoma, mashine zinazunguka, nikalia kilio ambacho sikukilia hata siku ya gunia. Kumbe ulikuwa na mume wangu moyoni. Nilikutukana kwa maneno ambayo sikuyaandika, na yote nimeyafuta.

Natamani niwepo siku likipasuka. Natamani limwangukie Mjenzi usoni, limponde meno, limfanye aonekane vile alivyomfanya mume wangu, mpaka mama yake mwenyewe asimtambue. Msimamizi ananiambia siku hizi nafua huku naimba.

Siri iko kwangu. Nimeifunga na ufunguo nimeumeza. Fyuzi hatajua.

Dada yako


21 Aprili

Mama, shikamoo.

Barua yako nimeichoma baada ya kuisoma, kama ulivyosema. Kwanza nilicheka peke yangu chooni. Mjomba, yule mjomba wa kukohoa. Nilitaka nimkumbatie mezani, nikajizuia, nikamwongezea maji kwenye glasi. Akaniuliza kama naumwa.

Unasema umeniambia ili nimheshimu na nitulie tungoje mvua. Kumheshimu, namheshimu. Lakini kungoja mvua, mama, kwa nini? Jumamosi kuna mkutano mkubwa wa kumkumbuka Mjenzi, na kamera zote zitakuwepo. Tutapanda juu na nyundo nzito mbele ya macho yao. Kama ni laini namna hiyo tutalibandua vipande vipande kama ukoko, waone kuwa hata kaburi lake ni la uongo. Wenzangu watawashughulikia walinzi. Watu wa chini wakituona juu watakimbia, hatuna shida nao.

Mjomba sijamwambia, atanifungia ndani na kukalia ufunguo. Usihofu. Mimi kupanda ndiyo kazi yangu.

Mwanao,
Fyuzi


25 Aprili

Dada,

Kaa chini. Kama kuna mtu karibu, mwite.

Fyuzi amekufa. Nimejaribu kuliandika kwa namna nyingine, nimeshindwa.

Sisi wajenzi tuliitwa tukae viti vya mbele. Kelele zilianzia langoni. Vitambaa vyekundu waliingia na mapanga na mawe, na mlinzi wa kwanza niliyemwona alikuwa anatembea ameshika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia. Askari wakaanza kufyatua. Watu wakakanyagana, viti vikaruka. Halafu nikasikia chuma juu ya zege, sauti ninayoijua nikiwa usingizini, nikatazama juu. Fyuzi alikuwa juu ya paa, amevua shati, anapiga nyundo. Nilimwita kwa jina lake la utotoni. Nadhani alinisikia, kwa sababu alinipungia mkono.

Walikuwepo kina mama kwenye foleni, na mawe yalikuwa yanaanguka kama mvua. Wakatafuta pa kujikinga. Dada, walikimbilia chini ya paa langu.

Nilikwambia zege bovu husema mapema. Halikusema kitu. Lilikwenda lote kwa pamoja.

Nilimtoa mwanao kwa mikono hii. Kifua kilikuwa kimeingia ndani na mdomo umejaa vumbi la saruji. Nilimsafisha kwa kitambaa nikawa namwambia ateme. Pembeni yake kulikuwa na mama anayefagia wodi ya watoto, ninamjua kwa sura, imebaki nusu yake tu. Tuliendelea kutoa watu mpaka kucha zikanitoka, na kila kipande cha zege nilichoinua kilikuwa kinavunjika mkononi kama mkate mkavu. Mimi ndiye niliyelifanya hivyo.

Tumemzika leo, upesi, kabla hawajaja kuuchukua mwili. Nisamehe hukumwona.

Nina swali moja. Tulikuwa tunajua watatu. Fyuzi aliambiwa na nani?

Fundi


2 Mei

Mimi.

Nilimwambia mimi. Alikuwa anakudharau na nilitaka akupende. Nilimwandikia, "Mjomba wako ni mwanaume kuliko unavyodhani," nikamweleza kila kitu, na nikakwambia wewe nimemeza ufunguo. Akanijibu anapanda Jumamosi. Barua yake ilinifika Jumatatu.

Nimeingiza mkono kwenye mashine ya kukamulia mashuka. Wameutoa, haukukatika. Usiniulize kwa nini.

Usinifariji. Ukinifariji nitakuchukia.


10 Mei

Dada,

Sikufariji. Nakupa habari.

Kwanza walisema ni bomu. Kisha wakapima vipande, wakajua ni saruji. Wakaja kunichukua. Walinizaba makofi, wakaniweka mbele ya ofisa yule yule mstaarabu. Akasema, "Mtu hapunji saruji kwenye paa ambalo mtoto wake atapanda." Akanipa pole. Akasema nitalijenga upya, imara, na nitalipwa vizuri. Umeona? Kifo cha Fyuzi ndicho kinachonilinda.

Wamemkamata Domo. Wanasema aliuza mifuko, akaua watu. Wanataka kujua alimuuzia nani na nani alimpa amri. Mkewe hupeleka chakula na kurudishiwa nguo za kufua. Juzi alipokuwa anakagua mifuko ya shati kabla ya kuloweka, alikuta kucha. Walikuwa wamezifunga vizuri kwenye kipande cha gazeti. Alinionyesha, akaniuliza, "Fundi, wewe ulikuwepo. Mume wangu aliiba?" Nikamwambia hapana. Akasema, "Basi kawaambie."

Domo, dada. Mtu anayeongea huku anatafuna, anayeongea usingizini. Wanampiga tangu wiki iliyopita na hajalitaja jina langu.

Najua la kufanya. Miguu ndiyo haisogei.

Fundi


15 Mei

Mdogo wangu,

Usiende.

Nimezika mume. Mwanangu mmezika nyinyi, mimi sikupewa hata hilo. Nimebaki na wewe tu. Domo ana mke, ana kaka zake, ana wa kumlilia. Mwache apigwe. Mwili anao, atavumilia, watachoka watamwachia. Na kama akifa, hatakuwa wa kwanza kufa pale.

Nimeandika na sifuti. Mume wangu alinyamaza kwa ajili ya mtu, nimepata nini? Heshima? Heshima nilipewa ndani ya gunia. Safari hii acha mtu mwingine alipie.

Panda lori la dereva, nimeshaongea naye. Hapa kazi ipo. Mkono wangu mmoja haushiki, nahitaji mtu wa kuninyanyulia mashuka.

Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu.

Dada yako


19 Mei

Dada, shikamoo.

Dereva ameegesha hapa nje, anapiga honi. Nimemwambia atachukua barua badala yangu.

Yule mwenzake shemeji umemlaani kila siku kabla ya chai. Leo unaniomba niwe yeye. Sikulaumu, nimekuwa yeye tangu siku waliyomchukua Domo, na sasa namfahamu vizuri. Nilidhani mtu wa namna ile ana roho ya peke yake. Hana. Anaamka, ananawa, anaambiwa pole na majirani. Pengine naye alikuwa na dada aliyemwandikia asiende.

Nilitaka nimalize kumpima Mjenzi kabla sijatoka, nimeshindwa. Tulipowatoa watu kwenye kifusi tuliwapeleka hospitali yake, kwenye vitanda vyake, na madaktari aliowasomesha walifanya kazi mpaka wakaanguka. Na askari wake walisimama mlangoni, wakawavuta majeruhi wenye vitambaa vyekundu kwa nywele na kuwapiga risasi kwenye bustani ya maua. Yote mawili nimeyaona kwa macho yangu, mchana mmoja. Anayetaka kuniambia moja lilifuta lingine, na aje anionyeshe lilivyofuta.

Na mimi nimekuwa vile vile. Ukiulizwa kuhusu mdogo wako, sema yote mawili. Nimejenga madarasa, zahanati na madaraja, na hakuna hata moja lililopasuka. Na nimemuua mwanao, na kina mama waliokimbilia kwangu. Usipunguze moja ili lingine lipendeze.

Nimevaa shati safi. Kituo wanakomshikilia Domo hakiko mbali, nitakwenda kwa miguu.

Mdogo wako,
Fundi


29 Mei

Marahaba.

Naandika nikiwa hapa nje ya lango lao, nimekalia ndoo ya mke wa Domo. Nilivuka mpaka na dereva, nikashukia makaburini kwanza. Barua hii itaingia chini ya chakula. Kuna mlinzi mmoja mwenye huruma, au mwenye njaa, sijajua bado.

Domo wamemtoa. Tulimbeba kwenye blanketi, nyayo zake hazikanyagi, na mkono mmoja umebaki na kidole gumba tu. Alipofika nyumbani alifungua mdomo na hajaufunga mpaka leo. Anasema wewe ni mjinga, alikuwa amebakiza kidogo wachoke. Kisha analia, kisha anaendelea kuongea. Mkewe namfulia nguo kwa mkono wangu huu mmoja, na kila nikimtazama nakumbuka barua niliyokuandikia juu ya mume wake. Sijamwambia. Nitamwambia.

Wenye vitambaa vyekundu wamekuja wanataka picha ya Fyuzi waibebe kwenye maandamano. Wenye vyeusi wamekuja wakaandika "muuaji" kwenye mlango wako. Wote nimewafukuza kwa ufagio.

Ndani humo nasikia wanavyokufanya. Ukuta si mnene, na sauti yako naijua tangu ulipokuwa unalilia makombo.

Kuhusu ulichoniagiza, nimekataa. Sitasema yote mawili. Mimi ni mama, kinywani mwangu mna nafasi ya jambo moja tu: ulimuua mwanangu, nami nilikusaidia. Hilo nitalisema kwa kila atakayeuliza mpaka nife. Lile la pili, la madarasa na madaraja, mimi sikuchanganya zege, silijui. Ni lako. Utalisema mwenyewe.

Kwa hiyo kula hiki chakula chote, meza hata kama meno hayapo, na usithubutu kufia humo ndani.

Dada yako